Niiteni mwoga, lakini mbingu ikinuna boti sipandi

Kuna tabia yangu moja ambayo mbogi yangu hapa Migori imeichoka kabisa. Tukipanga kwenda ziwani, siku tatu kabla naanza kuchungulia hali ya hewa kwenye simu. Asubuhi naangalia. Mchana naangalia. Usiku, hata bando ikiwa imebaki ya kuhesabu, naangalia tena. Kisha natuma kwenye kundi letu la WhatsApp: "Wasee, Jumamosi kuna radi." Majibu huja ndani ya sekunde kumi. Vicheko kwanza, halafu mtu anauliza kama siku hizi nalipwa na Idara ya Hali ya Hewa. Kwenye simu za watu wawili ninaowajua, jina langu limehifadhiwa kama "Ofisa wa Mvua".

Sina neno. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, kwa hivyo cheo chochote ninachopewa mtaani nakipokea kwa mikono miwili. Lakini leo naomba tuongee hili jambo bila mzaha kidogo, kwa sababu msimu wa mvua ukikaribia, ndivyo pia mipango ya Pasaka inavyopamba moto. Najua kuna kundi mahali fulani, Migori, Rongo, Kisii au hata Nairobi, linachanga pesa sasa hivi ili liende Mbita, livuke hadi Rusinga, Mfangano au Takawiri, lipige picha kwenye mchanga mweupe na kurudi na stori. Nendeni. Ni kuzuri kuliko picha zinavyoonyesha. Ila kabla hujatuma mchango wako, nisikize.

Matajiri nao huogopa

Ingia mitandaoni kati ya Juni na Novemba, utakuta watalii wa Marekani waliolipia safari za meli za kifahari kule Karibi wakiulizana maswali yale yale. Je, niende? Niahirishe? Wiki hiyo bahari itakuwaje? Hawajachanganyikiwa. Msimu wa vimbunga upande wa Atlantiki huhesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni Septemba. Mnamo Julai 1, 2024, kimbunga Beryl kilikikanyaga kisiwa cha Carriacou, nchini Grenada, na kuacha nyumba nyingi bila paa.

Sasa angalia wanachopanda hao wanaoogopa. Ni meli yenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote Migori mjini. Ina maboti ya uokoaji yamening'inia kando. Ina nahodha anayepata picha za setilaiti na anayejua siku kadhaa mapema kimbunga kimeelekea wapi, kwa hivyo anageuza njia na kupeleka watu kisiwa kingine. Wengi wao wana bima ya safari. Na pamoja na hayo yote, mtu bado anakosa usingizi akiwaza mawimbi, na wenzake wanamjibu kwa adabu.

Mimi nikiuliza swali hilo hilo, nikiwa naelekea kupanda boti ya mbao yenye injini moja na mtungi uliokatwa wa kuchotea maji, naambiwa ninaharibu raha.

Wako watakaosema Ziwa Victoria halina vimbunga. Ni kweli, na naomba tuelewe kwa nini. Kimbunga cha aina ile hutegemea mzunguko wa dunia kujisokota, na karibu na ikweta msukumo huo ni mdogo mno. Ziwa letu limekatwa na ikweta. Hata Hidaya, kile kilichotufanya wote tushike redio Mei 2024, kilipiga upande wa pwani ya Tanzania. Huku hakikufika.

Lakini hapo ndipo tunapojidanganya. Kwa kuwa hatuna dhoruba yenye jina, tunadhani hatuna dhoruba. Ya kwetu ni ndogo kwa eneo, haikai siku nyingi na haitangazwi wiki nzima kabla. Inazaliwa, inapiga na kufa ndani ya masaa machache. Mtalii wa Karibi ana siku tano za kuwaza. Wewe pale Mbita unaweza kuwa na dakika ishirini.

Ziwa lina ratiba yake

Sikusomea haya darasani. Nusu nilisoma kwenye simu, nusu nilifunzwa na mjomba wangu anayevua Karungu, upande wa Sori. Na kitu kilichonishangaza ni kwamba simu na mjomba wanakubaliana.

Mchana, jua linachoma nchi kavu na kuipasha moto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, na ile ya ziwani inaingia kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana alasiri ukiwa ufuoni upepo unakupiga usoni kutoka ziwani na mawimbi yanaanza kupanda. Hewa hiyo yenye unyevu inasukumwa hadi kwenye milima, na kule inageuka kuwa yale mawingu meusi ya Kisii, Gwassi na Gembe ambayo sote tunayajua. Wakati mwingine mvua hiyo haiishii milimani. Inateremka kurudi ziwani jioni.

Usiku mambo yanapinduka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake. Sasa upepo unatoka nchi kavu pande zote, Kenya, Uganda na Tanzania, na kukutana katikati ya ziwa. Ukikutana hauna pa kwenda ila juu. Hapo ndipo radi kali za usiku wa manane na alfajiri zinapotoka. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi zaidi, na nyingi hupiga wakati wewe na mimi tumejifunika blanketi.

Yaani ziwa lina ratiba. Si ratiba ya uhakika kama ya treni, lakini ipo. Asubuhi baada ya jua kuchomoza, mara nyingi ndipo maji hutulia zaidi. Alasiri, jihadhari. Usiku, muulize anayejua. Na miezi ya masika, Machi hadi Mei, jihadhari mara mbili.

Sasa niambie, vijana wa mjini husafiri saa ngapi? Tunachelewa kuamka, matatu inasubiri ijae, tunasimama Rodi Kopany kununua ndizi, tunafika Mbita saa tisa alasiri na ndipo tunaulizana boti iko wapi. Tumechagua saa mbaya kuliko zote za mchana, bila hata kujua kwamba tumechagua.

Siku niliyobaki ufuoni

Nitawaambia kilichonifanya hivi, ndipo mnihukumu.

Ilikuwa Disemba. Tulikuwa tisa. Tulikuwa tumechanga Sh2,500 kila mmoja, polepole tangu Septemba, na kwa wengine wetu hiyo si pesa ndogo. Kuna jamaa anayetengeneza simu, kuna dada anayesuka nywele, kuna wawili waliokuwa bado chuoni, na mimi na blogu yangu isiyolipa. Mpango ulikuwa tuondoke Migori saa kumi na moja alfajiri, tupitie Awendo, Rongo na Homa Bay, saa tano tuwe tumekanyaga mchanga wa Takawiri.

Tulifika Mbita saa nane na nusu mchana. Msiniulize nani alichelewa. Anajijua.

Boti tuliyokuwa tumelipia malipo ya awali ilikuwa ikitusubiri, ila haikuwa inatusubiri sisi peke yetu. Ndani kulikuwa na abiria wengine, magunia ya makaa, kreti za soda na godoro. Nilitafuta majaketi ya kujiokolea kwa macho. Nilihesabu sita, yamefungwa pamoja kwa kamba chini ya kiti, moja mkanda wake umekatika.

Juu ya milima ya Gembe wingu lilikuwa limesimama kama ukuta. Lakini si wingu lililonitisha. Ni upepo. Ule wa ziwani uliokuwa ukitupiga usoni tangu tushuke kwenye gari ulinyamaza ghafla. Bendera iliyokuwa kwenye boti nyingine ikalala. Halafu baada ya muda ukaja upepo mwingine kutoka nyuma yetu, kutoka milimani, na ulikuwa baridi. Mjomba alikuwa ameniambia kitu kimoja nikiwa na miaka kumi na miwili: "Okewa, upepo ukinyamaza mchana halafu urudi ukiwa baridi kutoka nchi kavu, usibishane nao. Vuta boti juu."

Nikasema sipandi.

Manze, nilitukanwa siku hiyo. Mwenye boti aliniambia alianza kazi hiyo kabla sijazaliwa, na sikuwa na jibu, kwa sababu huenda ni kweli. Fundi wa simu akaniuliza nani atarudisha pesa. Mmoja wa wale wa chuo akasema kitu kuhusu wavulana wanaoishi kwa mama zao. Mwishowe wawili walibaki nami. Sita wakapanda.

Tulikaa chini ya mabati ya kibanda cha mama mmoja anayekaanga samaki. Dakika kama ishirini hivi mvua ikashuka. Sijui niieleze vipi. Rusinga iko pale pale, ng'ambo ya daraja, na ilipotea. Maji yaliyokuwa ya buluu yalikuwa rangi ya chai, na meno meupe juu yake. Tulipiga simu zao moja baada ya nyingine, zote tukaambiwa hazipatikani. Mama wa samaki hakutuambia chochote. Aliendelea kugeuza samaki wake, lakini kila baada ya kugeuza mmoja aliangalia ziwa.

Tulikaa hivyo zaidi ya saa mbili. Ndani ya saa hizo mbili nilipanga jinsi ningempigia simu mama wa yule dada msusi. Nilichagua maneno. Nikayafuta kichwani, nikachagua mengine. Saa kumi na mbili kasoro ujumbe ukaingia: "Tumefika. Mmekosa bonge la stori."

Kesho yake jua lilitoka safi kama halikuwa na habari. Picha zikaanza kutiririka kwenye kundi. Mchanga mweupe, miwani, samaki mzima kwenye sahani. Chini ya moja mtu ameandika kwamba waoga wamebaki na mama wa samaki.

Wiki mbili baadaye yule dada msusi alinikuta mjini, akanivuta kando. Akaniambia injini ilizima katikati. Maji yaliingia hadi magotini. Walitupa magunia ya makaa ziwani na kuchota maji kwa mtungi uliokatwa, kwa zamu. Yale majaketi sita walipewa wachache, na mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili akampa yeye mmoja amshike. "Nilikuwa nimemshika mtoto wa wenyewe," akaniambia, "hata jina lake sikulijua, na mimi mwenyewe siwezi kuogelea." Hakuwa amelisema hilo kwenye kundi. Hakuna aliyelisema.

Kurudi salama si ushahidi

Hapo ndipo penye hoja yangu yote.

Hao sita walirudi, na kwa sababu walirudi, wakahitimisha kwamba mimi nilikosea. Safari ijayo, mtu akisema mbingu imenuna, wao ndio watakaojibu: "Ah, sisi tulivuka siku mbaya kuliko hii." Mwenye boti naye amejifunza somo hilo hilo. Atapakia tena, ataondoka tena alasiri, na atarudi tena. Mara ishirini, mara hamsini. Kila safari inayorudi inapunguza woga kidogo. Kisha inakuja moja isiyorudi, na waliokuwa ndani hawana nafasi ya kutuambia walichojifunza. Kwa hivyo stori zinazozunguka mtaani kuhusu ziwa ni za waliopona tu. Ukiamua kwa kusikiliza hizo peke yake, ziwa litaonekana rafiki wa kila mtu.

Mjomba huwa anasema ziwa halijui jina lako. Yeye ameshampoteza mwenzake wa boti, usiku, wakivua omena. Hapendi kulizungumzia, na mimi sitamzungumzia zaidi ya hapo.

Nambari tuziguse kidogo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likinukuu makadirio ya kati ya watu 3,000 na 5,000 wanaokufa kila mwaka katika Ziwa Victoria, nchi zote tatu zikijumlishwa. Hata ukichukua ile ndogo, ni watu wanane kwa siku. Wengi wao hawafiki kwenye habari, kwa sababu wanakufa wawili wawili, watatu watatu, kwenye boti ndogo zisizo na orodha ya abiria. Tunakumbuka zile kubwa tu. MV Bukoba, Mei 21, 1996, karibu na Mwanza, zaidi ya watu 800. MV Nyerere, Septemba 20, 2018, ikiwa karibu kabisa kutia nanga Ukara, zaidi ya watu 220.

Na tuseme ukweli kuhusu hizo mbili. Si mvua iliyozizamisha. Zote zilikuwa zimebeba kupita kiasi. MV Nyerere ilipinduka hatua chache kutoka gatini. Ukiweka uzito huo huo kwenye boti ndogo kisha uongeze upepo wa Gembe, huhitaji kimbunga chenye jina.

"Mbona wavuvi huenda kila siku?"

Hilo ndilo swali ninaloulizwa sana, na ni swali zuri. Wavuvi wa Muhuru Bay, Sori, Mbita na visiwani huingia ziwani usiku kwa usiku. Wewe unaogopa safari moja ya mchana?

Jibu langu lina sehemu mbili.

Kwanza, mvuvi hajaenda kwa sababu hakuna hatari. Ameenda kwa sababu ana watoto. Omena huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi, yaani saa zile zile radi inapozaliwa katikati ya ziwa. Mvuvi hana namna ya kuhamisha omena waje saa nne asubuhi. Mama yangu huuza omena sokoni hapa Migori, na karo yangu ile ya miaka miwili ilitoka humo. Kwa hivyo kila muhula niliosoma, kuna mtu alikaa gizani juu ya maji ili nisome. Huyo mtu hakuwa na uchaguzi. Mimi na wewe tukienda kupiga picha, tuna uchaguzi. Kuuchezea uchaguzi ambao mwenzako angelipia ili aupate, hiyo naiona dharau, si ujasiri.

Pili, mvuvi mzoefu haendi kila siku. Muulize. Mjomba hukaa nyumbani siku nyingi kuliko unavyofikiri, na hakuna anayemcheka Karungu. Anachungulia, anasikiliza redio, anawapigia wenzake walioko Mbita, anarudi kulala. Sisi wa mjini ndio tunaodhani ujasiri ni kutobadilisha mpango.

Wengine huniambia siku ikifika imefika. Naheshimu imani ya mtu, lakini nimegundua wanaosema hivyo hufunga mlango usiku na huangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara ya Isebania. Kwani siku hufika ziwani tu?

Na kuna hoja ya pesa. Hii siichezei. Sh2,500 zangu za Disemba hazikurudi, na nilizihisi hadi Februari. Pia sitadanganya kwamba utabiri hupatia kila mara. Nimewahi kuwazuia watu kwa sababu ya radi iliyotabiriwa, tukakaa nyumbani, jua likawaka kutwa nzima likitucheka. Siku hiyo nilitamani ardhi inimeze. Lakini hesabu yangu ni hii: nikikosea kwa kubaki, napoteza nauli na heshima. Nikikosea kwa kwenda, mama yangu anakaa ufuoni akingoja wapiga mbizi. Makosa hayo mawili si ndugu.

Kwa hivyo tufanyeje?

Sitaki kumaliza kwa kulalamika tu, kwa sababu kulalamika ni rahisi na kila mtu ana blogu.

Tuanze na wakubwa. Utabiri wa ziwa upo. Tangu mradi wa HIGHWAY uliozinduliwa mwaka wa 2017, idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda na Tanzania zimeboresha utabiri maalumu wa ziwa, unaotaja upepo, mawimbi na radi. Shida si kutabiri tena. Shida ni safari ya habari kutoka ofisini hadi kwa mtu aliyesimama gatini na begi mgongoni. Nataka serikali za kaunti za Homa Bay na Migori, pamoja na kamati za usimamizi wa fuo, zihakikishe kila gati, si moja wala mbili, lina ubao wenye utabiri wa siku hiyo kwa Dholuo na Kiswahili. Ubao na chaki. Hiyo haihitaji zabuni. Nataka Mamlaka ya Masuala ya Bahari, KMA, na Kikosi cha Ulinzi wa Pwani, kilichoundwa kisheria mwaka wa 2018 na chenye jukumu la maziwa pia, waonekane Mbita alasiri ya Pasaka na si kwenye hotuba baada ya msiba.

Lakini tusijifiche nyuma ya serikali. Mwenye boti anapakia kupita kiasi kwa sababu tunapanda. Anaondoka bila majaketi kwa sababu hatuulizi. Sisi ndio soko lake. Abiria tisa wakikataa kwa pamoja, hata mtu aliyeanza kazi kabla hawajazaliwa atafikiria upya.

Kwenye kundi letu tumekubaliana sheria mpya, na wale sita wamezikubali, ingawa hawajawahi kusema ni kwa nini. Moja, tunalala Mbita usiku uliotangulia na kuvuka asubuhi, si alasiri. Mbili, mwenye boti anaambiwa kabla ya kulipwa shilingi ya kwanza kwamba mbingu ikinuna tarehe inasogea na pesa inabaki. Asiyekubali hatupati. Tatu, kila mtu anavaa jaketi, limefungwa mikanda, tangu gatini. Jaketi lililo chini ya kiti ni mzigo kama makaa. Nne, mtu mmoja akisema hapandi, hakuna anayemcheka na hakuna anayemlazimisha. Tano, lazima kuwe na mpango wa nchi kavu.

Hiyo ya tano ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inaondoa hasira yote. Kaunti hizi mbili haziishii majini. Kuna Thimlich Ohinga hapa kwetu Migori, zile kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo na zikasimama kwa karne nyingi, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Nusu ya mbogi yangu haijawahi kufika huko, na ni karibu kuliko Mbita. Kuna mbuga ya Ruma, Homa Bay, yenye korongo ambao huwapati kwingine Kenya. Kuna ziwa dogo la Simbi, Kendu Bay, na unaweza kulizunguka kwa miguu bila kulowa hata soksi. Na Rusinga yenyewe unaingia kwa daraja. Unaweza kwenda hadi kwenye kaburi la Tom Mboya ukiwa umekalia bodaboda, mvua inyeshe isinyeshe.

Pasaka hii tunajaribu tena Takawiri. Tumeanza kuchanga. Juzi, kwa mara ya kwanza tangu kundi hilo lifunguliwe, si mimi niliyeuliza kuhusu mvua. Ni yule dada msusi. Saa tano usiku aliandika, bila kicheko wala emoji: "Ofisa, wiki hiyo inaonekanaje?"

Hakuna aliyemcheka. Nikamjibu ni mapema mno kujua, tuangalie tena zikibaki siku tatu. Halafu nikamwongezea kitu ambacho nilipaswa kuwa nimeshakifanya tangu Disemba: kuna kidimbwi cha kuogelea kwenye hoteli moja hapa mjini, asubuhi za Jumamosi hakina watu wengi, na mimi pia siwezi kuogelea vizuri hivyo. Tunaanza wiki ijayo.